Mkipokea wamisionari mke na mume, muulizeni na mke anaitwa nani

Wiki mbili zilizopita kaka mmoja, katibu wa kamati ya kanisa huku kwetu Dar, kanitumia meseji ndefu kama gazeti. Wanapokea wageni, mke na mume, wamisionari wa Kipresbiteri kutoka nje, wanakuja kupanda kanisa huko pembezoni mwa jiji na wanategemewa kukaa miaka minne. Anajua nilishafanya kazi na watu wa aina hiyo miaka sita, ndo maana kanitafuta. Maswali yake sasa: nyumba iwe ya vyumba vingapi, AC waweke ngapi, gari wakodi au wanunue kabisa, na mchungaji anapendelea chakula gani. Nikasoma juu mpaka chini, nikarudia tena. Mke hayumo. Yani yumo kwenye "mke na mume" pale mwanzo halafu akapotea mazima.

Nikamtumia voisi noti ya dakika kumi na moja, masikini wa Mungu sijui kama aliimaliza. Nimeona bora niiandike vizuri maana makanisa yanayopokea wageni hapa mjini ni mengi, na wapo pia wenzetu wa hapa hapa Dar wanaojiandaa kutumwa nje na wake zao au waume zao, nao yatawakuta haya haya.

Mimi nafundisha Kiswahili kwa wageni. Hao ninaowasema walitoka Korea Kusini, majina siandiki maana ni watu wazima na familia zao. Walipofika nilipewa kazi ya kuwafundisha lugha, baadaye nikawa mkalimani wa mchungaji kwenye ibada, na mwisho nikawa sijui niseme nini, ndugu. Mimi mwenyewe sio Mpresbiteri, nimekulia Moravian, kwa hiyo mambo mengi ya kanisa lao nilijifunza nikiwa natafsiri. Huku kwetu watu wamezoea KKKT, Katoliki, Anglikana, Moravian, Wasabato na walokole, ukisema Presbiteri mtu anakuuliza hilo nalo ni la wapi, ni la nabii gani. Nilichoka kueleza nikatafuta njia fupi: neno lenyewe linatokana na Kigiriki, presbyteros, maana yake mzee. Ni kanisa linaloongozwa na wazee. Washirika wanachagua wazee wao, wazee wanakaa na mchungaji kwenye baraza, mabaraza ya eneo moja yanaunda presbiteri, juu yake kwa kawaida kuna sinodi na baraza kuu. Nikilinganisha na mtaa, kata, wilaya, watu wananielewa hapo hapo. Askofu hakuna. Watoto wachanga wanabatizwa, na hilo lilituletea mjadala mrefu na majirani zetu walokole, ila sio habari ya leo.

Sasa jina. Walivyofika, kuna Wakorea wenzao walikuja kuwapokea, na wote walimwita yule mama Samonim. Samonim hivi, Samonim vile. Sisi tukajua ndo jina. Kwenye daftari la mahudhurio akaandikwa Samonim, watoto wa Sunday school wakamtungia na kawimbo, wakina mama wakamwita Mama Samonim. Yeye alikuwa anatabasamu tu. Mwaka na miezi miwili, jamani! Siku moja niko nao kujaza fomu fulani naona kwenye pasipoti yake jina jingine kabisa, na ukoo wake sio wa mume. Nikauliza, samahani, Samonim liko wapi hapa? Mchungaji akacheka mpaka akatoa miwani. Kumbe ni cheo. Ni namna Wakorea wanavyomwita mke wa mchungaji kwa heshima, kama sisi tunavyosema mama mchungaji. Mke hakucheka. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mimi na jina."

Nilienda nyumbani siku hiyo nimenywea. Mwaka mzima na zaidi nakaa na mtu meza moja mara tatu kwa wiki, nalipwa kumfundisha kusema "jina langu ni", na jina lake silijui.

Halafu lile la ukoo tofauti. Kwao mwanamke akiolewa anabaki na jina la ukoo la baba yake. Ni kawaida tu, lakini huku linasumbua, kuna ofisi moja walituzungusha siku nzima kwa kuwa mke na mume majina hayafanani, ati wathibitishe kama ni ndoa kweli. Kama mnapokea wageni waambieni mapema waje na cheti cha ndoa, kitafsiriwe na kithibitishwe huko huko kabla hawajapanda ndege. Ni karatasi moja tu ila inaokoa nauli nyingi za bajaji.

Na hizo karatasi ndo zimebeba tatizo lenyewe. Mmisionari wa kigeni anaomba kibali cha ukaazi daraja C. Kwa hawa kibali kilikuwa cha mume. Mke akaja kwa hati ya mtegemezi. Sasa huyu mama kwao alikuwa muuguzi, wodi ya watoto, miaka kumi na nane kazini. Kanisa lao liliwaombea wote wawili, waliwekewa mikono wote wawili, picha nimeiona, wamepiga magoti pamoja. Wakatua Dar, mmoja mmisionari, mwenzie mtegemezi. Mtegemezi haajiriwi, hawezi kwenda kuomba hata kazi ya zahanati. Kwa hiyo kaka katibu, kabla ya AC, waulizeni wale wanaowatuma: mke anakuja kufanya nini? Kama ana kazi yake, basi vibali viombwe vya wote wawili tangu mwanzo, maana kubadilisha mtu akishaingia ni safari nyingine. Na kama hana kazi, napo waulizeni kwa nini.

Mwaka wa kwanza waliwekwa Mbezi Beach, nyumba nzuri, geti, mlinzi, nondo mpaka dirisha la choo. Kanisa lilikuwa linapandwa Chanika. Anayejua Dar atanielewa, hiyo ni safari. Siku nzuri masaa mawili, mvua ikinyesha hesabu matatu, na barabara za ndani huko zikishalowa hata hiyo gari yenu mnayoigombania kukodi au kununua inakaa tu kwenye tope. Mchungaji anatoka asubuhi anarudi usiku kachoka, mke ameshinda ndani na mlinzi, na mlinzi mwenyewe amelala. Kiswahili chote alichokuwa anakisikia ni changu, masaa matatu kwa wiki, tena cha darasani, "kiti hiki, viti hivi". Ngeli zilikuwa zinamtesa vibaya mno. Nikaandika kwenye ripoti yangu ya miezi sita kwamba mume anaendelea vizuri na mke "anahitaji juhudi zaidi". Mungu anisamehe kwa ile ripoti, juhudi gani tena na mtu yuko jela?

Walihamia Chanika mwaka wa pili, na aliyelazimisha ni yeye mke. Mume alikuwa anaogopa, sijui malaria, sijui wezi, maji yenyewe huko wakati huo ni ya kununua kwa boza. Wenyeji ndo kabisa, kamati ilisema mzungu (kwetu Mkorea naye mzungu, tusamehewe) hawezi kukaa uswahilini. Yeye akasema kama hawezi kukaa na watu basi warudi tu kwao. Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu nyumba ni huo, itafutwe pale pale wanapopanda kanisa, vyumba viwili vinatosha, na hela ya AC inunue simtanki na feni. Najua kuna watakaonibishia hapa kwa habari ya usalama. Sawa, wekeni nondo, ila ziwe nondo za Chanika.

Wapresbiteri wa Korea wana desturi ya maombi ya alfajiri, saa kumi na moja wako kanisani, kila siku. Mchungaji akaianzisha Chanika. Wiki ya kwanza watu tisa, ya pili wanne, ya tatu yeye na mkewe na mbuzi wa jirani. Akafikiri watu hawapendi maombi. Mimi nilishindwa kumwambia kwamba saa kumi na moja Chanika nzima iko njiani, mwenye genge anawahi sokoni, fundi anawahi daladala aweze kupata siti. Mke ndiye alijua, kwa sababu akienda kwenye maombi anapita kwa mama mmoja anakaanga vitumbua pale njia panda, na taa yake ya kandili imeshawaka zamani. Akaanza kusimama. Siku ya kwanza akanunua, ya pili akanunua na akakaa. Mwisho akawa anaenda pale akishamaliza maombi yake, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anapewa kijiti ageuze.

Nilimkuta hapo siku moja nimewahi. Moshi, jasho linamtoka, kitenge kimejaa unga wa mchele, na yule mama anamkaripia kama anavyomkaripia mtoto wake: "Geuza hicho! Kimeungua hicho! Hivi bado, hivi vimeiva, toa!" Na yeye anaitikia, "Hiki kimeungua. Hivi vimeiva." Mimi nimesimama nyuma na mkoba wangu wa vitabu. Ngeli ya KI-VI iliyomshinda miezi kumi na mbili kwangu imeingia kwa vitumbua, na kwenye chuma kile hakuna kukosea maana ukichelewa kukijua kipi ni hiki kinaungua kweli. Sikusema kitu, nikanunua vya elfu moja nikaondoka.

Kwa hiyo mkitafuta mwalimu wa lugha, mtafuteni, na mimi nahitaji kazi, ila mpeni na mama wa vitumbua. Na darasa la mke lisipunguzwe hela zikibana. Nimeona makanisa yanafanya hivyo, bajeti ikikatwa cha kwanza kuondoka ni Kiswahili cha mke, ati mume ndo anahubiri.

Kuna kosa langu pia na nalisema bila kujificha. Mkalimani ana nguvu kuliko anavyojijua. Mtu akimuuliza yule mama swali, nilikuwa najibu mimi, bila hata kumgeukia. "Anapenda ugali?" Anapenda. "Amezoea joto?" Amezoea. Nilijiona namsaidia, kumbe nimekuwa kizibo kwenye chupa. Mkiwa na mkalimani mpangieni muda wa kutokuwepo. Mimi niliugua malaria wiki mbili nikawaacha peke yao, na kwa kweli zile wiki mbili zilisaidia kuliko mwaka wangu mzima.

Maana ndo wiki zile kulitokea msiba. Mama mmoja wa pale kanisani alifiwa na mume. Mchungaji alikuwa mkoani, mimi nimelala na dawa zangu. Samonim akaenda peke yake. Haya niliyasikia kwa wakina mama wenyewe, wamenisimulia si chini ya mara tano na kila mara wanaongeza chumvi. Alikuja na kitenge, akavua viatu kwenye mkeka bila kuambiwa, kwao nako viatu havipiti mlangoni. Akashikana mikono na wazee, shikamoo zote, hiyo nayo haikuwahi kumshinda kwa sababu lugha yao imejaa heshima ya umri kuliko hata yetu. Akakaa, miguu kanyoosha. Wakamtengea kiti cha plastiki pembeni kwa wanaume, mgeni huyo, akakataa kwa mkono. Watu kimya. Mtu akasogeza beseni la vitunguu, nadhani kwa kumjaribu tu. Yule mama akachukua kisu. Sasa hakuna aliyejua kwamba Mkorea kwa kukatakata ni moto mwingine, kimchi, ile kabichi yao ya kuchachusha, ya familia nzima inaanza na kisu. Vitunguu vilikwisha wale wengine hawajamaliza hata kusema pole. Mama mmoja mtu mzima akasimamisha kazi, akamwangalia, akamuuliza, "We mwanangu, hivi unaitwa nani?"

Akasema jina lake. Wakamuuliza mtoto wake wa kwanza anaitwa nani, akawaambia binti yake. Wakalitamka wanavyojua wenyewe, na tangu jioni ile akawa mama fulani, kwa jina la mtoto, kama mwanamke mwingine yeyote pale Chanika. Aliniambia baadaye kwamba hata kwao wanaitana hivyo hivyo kwa majina ya watoto, na kwamba alikuwa hajaitwa hivyo tangu apande ndege.

Mchungaji aliporudi kutoka mkoani akakuta kanisa lina watu kumi na saba zaidi. Alidhani ni ule mfululizo wake wa mahubiri juu ya Warumi. Tulimwacha.

Hela. Hapa nitasema kidogo kwa ukali. Wageni wakifika sisi tunakuwa wazuri ghafla, kila mtu ana mradi, na mgeni naye asipotoa anaonekana hana upendo. Mchungaji huyu alikuwa mbishi kwenye hilo na mwanzoni tulimsema sana, mimi nikiwemo. Kanisa lilikuwa chini ya turubai, watu wanamwambia agiza hela Korea tujenge, yeye anakataa. Siku moja darasani akanieleza sababu na ilibidi niombe chai. Wapresbiteri walifika kwao kutoka Marekani miaka ya 1880, Horace Underwood alitua Incheon Aprili 1885, siku ya Pasaka. Wakati huo Korea ilikuwa maskini wa kutupwa. Mwaka 1890 hao wamisionari vijana wakamwalika mmisionari mmoja mkongwe wa Kipresbiteri aliyekaa miaka mingi China, John Nevius, aje Seoul awashauri. Alikuja na mkewe, wakakaa kama wiki mbili. Ushauri wake ukawa: muumini abaki kwenye kazi yake iliyokuwa inamlisha, kanisa lijengwe na wenyewe kwa uwezo wao na kwa namna ya nyumba zao, na mhudumu wa kanisa alipwe na washirika, asilipwe na mgeni. Wakaushika huo. Leo Wapresbiteri ndio wengi kuliko Waprotestanti wengine kule na wanatuma wamisionari mpaka Chanika. "Mwalimu," akaniambia, "sisi tulikuwa ninyi." Nikamwambia hata sisi tulishaambiwa kuhusu kujitegemea, Azimio la Arusha, 1967, na tunajua nyimbo zake zote. Akacheka.

Jengo lilichukua miaka mitatu. Tofali za kufyatua wenyewe, mabati tulichangishana, fundi mshirika. Hela za Korea zilinunua kitu kimoja tu, spika, nazo ziliungua umeme uliporudi kwa nguvu.

Mke naye kwenye hela alikuwa na akili zake. Wakina mama walikuwa na kikoba, hisa shilingi 2,000, wanakutana Jumamosi. Wakamwomba awe mlezi. Mnajua mlezi wa kikoba ni nani, ndo benki. Akakataa, akaomba awe mwanachama. Akapewa daftari namba 14, ananunua hisa mbili kila wiki, sio zaidi, akichelewa analipa faini kama wengine, na siku moja alikopa kweli, elfu sitini, akarudisha na riba, sijui aliinunulia nini. Wale wakina mama walimheshimu kwa ule mkopo kuliko ambavyo wangemheshimu kwa msaada wa milioni. Mtu uliyemkopesha ni mwenzako.

Kwenye hicho kikoba ndo uuguzi wake ulipata njia. Hakutoa dawa wala sindano hata mara moja, alikuwa anaogopa sheria kama ukoma. Ila mtoto akiletwa kwenye mkutano ana homa, alikuwa anamshika, anamwangalia macho na kifua kinavyopanda, anamwambia mama yake "sasa hivi, zahanati, sio kesho." Hiyo tu. Nawajua wanawake watatu wanaosema mtoto wao yuko hai kwa hiyo "sio kesho".

Tulienda nao Bagamoyo mara moja kutembea. Pale misheni ya Wakatoliki kuna mnara ambao mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma na Susi na wenzao kuubeba kutoka bara, ndo ukavushwa Zanzibar. Muongozaji akaeleza vizuri, tumepiga picha. Yule mama akauliza, mke wake je? Muongozaji kakwama. Mchungaji ndo akaeleza tukiwa kwenye gari, na ikawa kimya njia nzima mpaka Bunju. Mary alizaliwa huku huku Afrika, kusini, binti wa wamisionari, Kitswana alikijua tangu utoto. Alimfuata mumewe jangwani akiwa na mimba na watoto wadogo. Mwaka 1852 mume akampeleka Uingereza na watoto, akabaki huko miaka minne hana makazi ya kueleweka, hela za kubangaiza. Akaja kumfuata tena Zambezi, akafa kwa homa Shupanga mwezi Aprili 1862, miezi mitatu tu baada ya kufika. Kaburi liko Msumbiji. (Livingstone hakutumwa na Presbiteri, alitumwa na London Missionary Society, naweka hapa maana kuna mtu atanisahihisha.)

Halafu mke akasema na kwetu kuna mwingine. Lillias Horton, daktari, Mpresbiteri, alifika Seoul mwaka 1888 na kazi yake mkononi, akawa daktari wa malkia. Mwaka uliofuata akaolewa na huyo huyo Underwood, na fungate yao ikawa safari ya injili kwenda kaskazini. Aliolewa akaendelea na udaktari wake. Aliyasema hayo anaangalia dirishani, hakumwangalia mume. Mume akasogeza mkono akamshika. Sisi wa siti ya nyuma tukajifanya tumelala.

Najua mambo ya ndani yao hayanihusu, lakini miaka sita huwezi kutoona. Mwaka wa tatu walikuwa hawaongei. Kwa wenzetu mnaojiandaa kwenda, hapo ndo nataka mnisikilize. Mkiwa hapa mna dada, mna wifi, mna shangazi wa kumpigia simu usiku ukikosana na mumeo. Huko mtakuwa wawili, na mwenzio atakuwa mke au mume, mchungaji mwenza, rafiki, daktari na adui wa pekee anayejua lugha yako. Mchungaji kila Jumatatu alikuwa na mapumziko, na kila Jumatatu alikuwa anaenda msibani, hospitali, kwenye kikao cha mtaa. Akiitwa tu kaenda, anaona aibu kukataa. Wazee wa kanisa walipochaguliwa, jambo la kwanza walilolifanya ambalo naliona la maana kuliko yote, walimwita wakamwambia: Jumatatu hatutaki kukuona. Tukifa tutazikana wenyewe. Na wakafunga kweli geti la kanisa. Mchungaji na mkewe wakawa wanaenda Kigamboni ufukweni wanakula mihogo na kachumbari, wamekaa kwenye kanga. Niliwaona mara moja, nikageuza njia.

Huo uchaguzi wenyewe wa wazee nao una kituko. Mchungaji kasimama, mwaka wa tano huo, anajiamini, hataki mkalimani, anasema kwa sauti, "Ndugu zangu, sasa tupige kula!" L na R kwa Mkorea ni ndugu. Watu wakaangalia upande wa jikoni. Mtoto mmoja akasimama kabisa. Ila kura zilipigwa, walipatikana wazee watatu. Alitusimulia kwamba kanisa la Underwood lilianza Seoul mwaka 1887 na watu kumi na wanne na likachagua wazee wawili, kwa hiyo sisi tumewazidi mmoja. Wote watatu ni wanaume, kwa sababu Wapresbiteri wengine wanawabariki wanawake kuwa wazee na wengine hapana, na hawa wangu walikuwa wa hapana. Kanisa lililojaa kwa beseni la vitunguu. Nina yangu ya kusema hapo ila niliajiriwa kutafsiri.

Waliondoka mwaka wa sita, hawakufukuzwa wala hawakuishiwa, walisema wazee wapo, mwinjilisti anasomeshwa, wao wamemaliza. Baadhi walichukia, mtu unaondoka vipi kanisa ndo limechangamka. Daftari namba 14 hakulivunja. Liko kwenye sanduku lenye kufuli tatu na hisa zake zote, kila mwaka kikoba kikivunjwa gawio lake linanunua tena hisa, na kila mwaka anapiga simu usiku wa kwao kuuliza kama kuna mtu amechelewesha rejesho.

Basi hayo yote nikamwambia kaka katibu, kwa kifupi kidogo kuliko hapa. Siku mbili kimya, nikajua nimemkera. Jana usiku kajibu.

"Dada nimekuelewa. Nimeangalia tena barua yao, wameandika mchungaji jina lake lote, namba ya pasipoti, elimu yake, halafu 'na mkewe'. Nimewaandikia sasa hivi waniambie anaitwa nani."